Mafunzo kwa igizo katika makabidhiano ya mgonjwa wa usingizi

Makabidhiano ya mgonjwa ni kitendo cha mhudumu mmoja wa afya kumwachia mwenzake taarifa za mgonjwa pamoja na dhamana ya kumtunza. Kwa wataalamu wa usingizi, yaani wanaomlaza mgonjwa kwa dawa ili afanyiwe upasuaji, hutokea mara nyingi kwa siku: zamu inapobadilika upasuaji ukiendelea, mgonjwa anapopelekwa chumba cha uangalizi, au anapofikishwa kwa wauguzi wa wagonjwa mahututi. Hapa Moshi, ambako hospitali ya KCMC imekuwa ikipokea wagonjwa wa rufaa tangu 1971, mgonjwa aliyetoka Rombo au Same huwa ameshapita mikono kadhaa kabla ya kuingia thieta. Akishapewa nusukaputi hawezi kujisemea, na lisilotamkwa wala kuandikwa na anayemkabidhi limepotea.

Mafunzo kwa igizo, ambayo wengine huyaita simulesheni, ni kulifanya tendo hilo kama lifanyikavyo kazini, kwa vifaa vya kazini, bila kumhatarisha mgonjwa. Fani ya usingizi ni miongoni mwa zilizotangulia katika njia hii, kwani mdoli ulioendeshwa kwa kompyuta ulitengenezwa California katika miaka ya 1960 kuwafundisha watoa usingizi. Hata hivyo, kinachofundishwa hapa ni kusema na kusikiliza, kwa hiyo kitanda, monita (mashine ya kufuatilia hali ya mgonjwa) na mwenzetu mmoja anayekubali kulala kama mgonjwa vinatosha kabisa.

Tuchukue mfano. "Mgonjwa" ni mama aliyejifungua kwa upasuaji, akapoteza damu nyingi. Ana pumu, na diklofenaki, dawa ya maumivu, iliwahi kumbana kifua. Mtaalamu wa usingizi anaingia na kitanda, akisema huku akitembea: "Sista, huyu mama ana pumu, asipewe diklofenaki, damu chupa moja bado iko benki ya damu." Wakati huohuo muuguzi anamfunga kitambaa cha presha, anatafuta soketi ya monita, na simu ya mezani inaita kwa makusudi ya mkufunzi. Dakika kumi baadaye muuguzi anasoma karatasi ya maagizo ya maumivu, anavuta diklofenaki kwenye bomba la sindano, na mkufunzi anasimamisha zoezi.

Kinachofuata ndicho kiini cha mafunzo, nacho huchukua muda mrefu kuliko igizo lenyewe. Mkufunzi hamuulizi yeyote kwa nini amekosea. Anamuuliza muuguzi alisikia nini, kisha anamuuliza mkabidhi aliona dalili gani kwamba amesikika. Kwa kawaida mkabidhi hugundua kwamba hakuona dalili yoyote, na ugunduzi huo humkaa kuliko mhadhara wa saa nzima.

Zoezi hurudiwa. Safari hii oksijeni na monita vinaunganishwa kwanza, wote wananyamaza, ndipo taarifa inatolewa kwa mpangilio mmoja: mgonjwa ni nani, amefanyiwa nini, hali yake sasa ikoje, nini kinahofiwa, nini kifanyike. Mpokeaji anarudia kwa kinywa chake yale mazito: "Pumu, hakuna diklofenaki, damu chupa moja ifuatwe." Kurudia huku huwatia aibu baadhi ya wakongwe, wakidhani ni mambo ya shuleni.

Utafiti mashuhuri uliochapishwa mwaka 2014, uliofanyika katika hospitali 9 za Marekani na Kanada, uliwahusu madaktari wa watoto na si wa usingizi. Baada ya mpango wa makabidhiano uliojumuisha mazoezi ya kuigiza, makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23. Igizo lilikuwa sehemu moja tu ya mpango huo, hivyo si haki kulipa sifa yote.

Kosa la kawaida katika kuyaandaa mafunzo haya ni kuwaita watoa usingizi peke yao. Muuguzi wa chumba cha uangalizi asipokuwepo, mtoa usingizi mwenzake huigiza nafasi yake, na huyo tayari anajua la kuuliza.