Je, wajua kwa nini mwanamke "mbebaji" wa Fabry naye huugua?

Niliwahi kumweleza mtu, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba ugonjwa wa Fabry huwaumiza wanaume, na wanawake huubeba tu. Nilikuwa nimekariri habari za sikoseli: mwenye jeni moja mbovu kwa kawaida huishi salama, ila anaweza kumrithisha mtoto. Nikaihamishia kule. Nilikosea.

Ugonjwa wenyewe uliandikwa mwaka 1898 na madaktari wawili, kila mmoja kivyake: Johannes Fabry wa Ujerumani na William Anderson wa Uingereza. Mgonjwa hupungukiwa kimeng'enya kinachovunja aina fulani ya mafuta ndani ya lisosomu, vifuko vya seli vya kusaga taka. Mafuta hayo hurundikana. Mtoto hulalamika viganja na nyayo kuwaka moto, hasa akiwa na homa au akicheza juani, na jasho halimtoki. Vipele vya rangi nyekundu iliyoiva hutokea kati ya kitovu na magoti. Ukubwani zamu ni ya figo, moyo na kiharusi.

Jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja, hana akiba. Mwanamke anazo mbili, basi nikadhani iliyo nzima humfunika. Nilichosahau ni kwamba X mbili hazifanyi kazi pamoja. Mapema sana katika mimba, kila seli ya kijusi cha kike huizima moja, kama kwa kurusha shilingi, na uzao wote wa seli hiyo hufuata uamuzi huohuo. Mary Lyon, mwanasayansi wa jenetiki wa Uingereza, alilipendekeza wazo hili mwaka 1961. Mtazame paka mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa, ambaye karibu kila mara ni jike: kila baka ni ukoo wa seli zilizozima X ileile.

Sasa fikiria mwili kama mtaa wa nyumba mia, kila nyumba ni seli. Kwa mwanamume mwenye Fabry kali, hakuna nyumba inayofagiliwa. Kwa mwanamke, nusu hivi zinafagiliwa, na zilizobaki taka zinafika darini. Ukipima usafi wa mtaa mzima kwa wastani, unaweza kuridhika. Ndiyo maana kipimo cha kimeng'enya kwenye damu huweza kuwa cha kawaida kwa mwanamke anayeumwa. Kwake hupimwa jeni. Je, uwiano wa X zilizozimwa ndio unaoamua ukali wa ugonjwa? Yaelekea unachangia, lakini tafiti hazikubaliani.

Kuna ishara moja ya ajabu, na wanawake wengi wanayo hata wasiolalamika lolote: mistari myembamba inayozunguka kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, kama nywele zinavyojizungusha utosini mwa mtoto. Haipunguzi uoni. Daktari wa macho huiona kwa hadubini yake, lakini kabla ya kutaja Fabry humuuliza mgonjwa anameza dawa gani, kwani amiodaroni ya moyo na hata klorokwini huweza kuchora mchoro uleule.