Mwanga uko juu, chakula kiko chini

Maji ya bahari yaliyochotwa kwenye glasi huonekana matupu, lakini mara nyingi humo mna maelfu ya viumbe wasioonekana kwa macho. Mmoja wao, Prochlorococcus, hafiki hata mikromita 1 kwa upana, na wanasayansi walimtambua miaka ya 1980 tu. Viumbe wa aina hii, wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, kwa jumla huitwa fitoplanktoni. Uzito wao haufiki asilimia 1 ya uzito wa mimea yote duniani, ila wao ndio wanaofanya karibu nusu ya usanisinuru wa dunia nzima.

Shida yao kubwa ni kwamba mahitaji yao mawili hutoka pande mbili tofauti. Mwanga hutoka juu na hupungua upesi: hata kwenye maji maangavu kabisa, ukifika kina cha mita 200 hubaki takriban asilimia 1 yake. Virutubisho kama naitrojeni na fosforasi, kwa upande mwingine, huzama pamoja na mabaki ya viumbe waliokufa. Kwa hiyo jambo la kuuliza kwanza ni jinsi maji yanavyochanganyika.

Pwani ya Peru, upepo husukuma maji ya juu kuelekea baharini, na maji baridi yenye rutuba hupanda kujaza nafasi. El Niño ikija, maji ya moto hufunika eneo hilo, rutuba hubaki chini, na samaki huadimika. Kaskazini mwa Atlantiki mambo ni kinyume. Wakati wa baridi rutuba ni tele, ila dhoruba huwavuta fitoplanktoni gizani, na siku ni fupi. Majira ya kuchipua yakiingia, jua hupasha tabaka la juu, maji hutulia, nao hustawi kwa wiki chache hadi bahari ikabadilika rangi. Joto lilelile linalowanyima chakula kwingine, hapa linawapa nafasi. Ndiyo maana nikiulizwa kama joto litaongeza au litapunguza usanisinuru baharini, nami huuliza kwanza: bahari ipi, na mwezi gani?

Kuna pia maji yenye mwanga na rutuba ambayo bado hayana kijani cha kutosha, kama yale yanayozunguka Antaktika. Mmarekani John Martin alisema kinachokosekana ni chuma, madini ambayo seli huyahitaji, kwa kiasi kidogo sana, ili kupitisha elektroni wakati wa usanisinuru. Mwaka 1995, jaribio la kumwaga chuma Pasifiki ya ikweta liliyafanya maji yageuke kijani ndani ya siku chache. Kwa kawaida chuma hiki huletwa na vumbi la majangwa, likiwemo la Sahara.

Rangi hiyo lakini inahitaji kusomwa kwa uangalifu, na hapa wengi hukosea. Seli iliyo kwenye mwanga hafifu hujiongezea klorofili, yaani ile rangi ya kijani inayonasa mwanga. Iliyo kwenye jua kali huipunguza, na saa sita mchana inaweza hata kupunguza kazi ili isiungue. Picha ya setilaiti ikionyesha kijani kimefifia, huenda seli ni zilezile, zimejirekebisha tu. Setilaiti ya PACE, iliyorushwa na NASA Februari 2024, hutofautisha rangi nyingi zaidi, hivyo husaidia kutambua makundi ya fitoplanktoni. Hata hivyo, vipimo vyake bado hulinganishwa na maji yaliyochotwa melini. Kujua kasi yenyewe ya usanisinuru, bado tunatumia njia aliyoieleza Mdenmark Steemann Nielsen mwaka 1952: unatia kaboni-14, yaani kaboni yenye mionzi inayoweza kufuatiliwa, kwenye chupa ya maji ya bahari, unaiacha kwenye mwanga, kisha unapima kiasi kilichoingia ndani ya seli.