Samaki Anayefuga Taa Tumboni

Swali hili hutufikia sana kutoka kwa watu wa Mombasa: mbona samaki niliyemwacha jikoni usiku alikuwa aking'aa gizani? Kuna anayemtupa, kuna anayemsomea dua. Hapana jini hapo. Ni bakteria wa baharini waliozaliana juu ya samaki baada ya kufa. Nuru yao si sumu, ila inakwambia wamepata muda mrefu wa kuongezeka, basi nusa na ukague mashavu kabla ya kumpika.

Lakini wako samaki wanaowafuga bakteria hawa wakiwa hai, na mmoja yuko hapa kwetu pwani, hunaswa pamoja na kamba. Ni mdogo, bapa, rangi ya fedha, ana ute mwingi, na mdomo wake huchomoza kama bomba akila. Wataalamu huiita jamii yake Leiognathidae. Umio wake umezungukwa na kiungo kama pete, kimejaa bakteria waitwao Photobacterium leiognathi. Samaki huwapa chakula na oksijeni, wao humpa mwanga wa buluu-kijani.

Mwanga huo huingia kwenye kibofu cha hewa, ambacho kuta zake zinaakisi kama kioo, ukatokea tumboni. Adui aliye chini akitazama juu, angeona kivuli cheusi dhidi ya mwanga wa jua. Tumbo linalong'aa hukifuta kivuli hicho. Kujificha kwa kuwaka! Katika kazi yangu sijaona maarifa yanayonistaajabisha kuliko haya. Na kwa kuwa bakteria hawazimiki, samaki ana vijipazia vya kuziba nuru anapotaka. Mtoto wake hazaliwi nao, huwapokea kutoka majini.

Wengi huchanganya jambo hili na cheche zinazoonekana kasia likipiga maji usiku pale kwenye hori la Tudor, Mombasa. Zile ni za viumbe vingine vya seli moja, dainoflajelati, ambavyo humetameta vikitikiswa kisha vikazima. Bakteria hawangoji kutikiswa.

Ukitaka kujionea, nunua samaki huyo angali mbichi kabisa, mpasue taratibu karibu na koo, zima taa zote, kisha subiri kama dakika kumi macho yazoee giza.