Je, wajua kwa nini Debian hutupa msimbo uliokwisha kuzalishwa na kuuzalisha upya?

Mwandishi wa programu aliye katika ofisi ya Kilimani au Ngong Road akihitaji maktaba mpya ya programu, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, huandika amri moja tu, na maktaba ikaingia kwenye kompyuta yake kabla chai haijapoa. Maktaba hiyohiyo ikitakiwa kuingia Debian, mfumo wa Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka wa 1993 na ambao Ubuntu imejengwa juu yake, inaweza kuchukua wiki kadhaa. Sehemu ya kuchelewa huko inatokana na swali ambalo wafungaji vifurushi, yaani watu wanaoziandaa programu ziingie Debian, hulichukulia kwa uzito mkubwa: faili hili liliandikwa na mtu au na programu nyingine?

Tuchukue Protobuf, mbinu ya Google ya kubadilishana data kati ya programu. Tuseme unaunda mfumo wa malipo. Unaandika faili fupi lenye jina linaloishia na .proto, ukieleza kwamba kila malipo yana namba ya simu, kiasi na tarehe. Mistari mitano inatosha. Kisha programu iitwayo protoc inalisoma faili hilo na kukutolea mamia ya mistari ya lugha ya programu ya C++, huku mstari wa juu ukionya kwamba usiyahariri. Waandishi wengi wa maktaba huyaweka mamia hayo ndani ya kazi yao ili kumpunguzia mtumiaji usumbufu. Ni wema, lakini ndio unaomletea kazi mfungaji vifurushi.

Leseni ya GPL, inayotumiwa na programu nyingi huru, inaeleza chanzo cha programu kuwa ni umbo lile ambalo mtu angelipendelea anapotaka kuibadilisha. Ukitaka kuongeza jina la mlipaji, huendi kuhangaika na mamia ya mistari ya C++, unafungua .proto na kuongeza mstari mmoja. Hicho ndicho chanzo. Kanuni za programu huru za Debian, zilizopitishwa mwaka wa 1997, zinataka chanzo kiwemo. Likibaki tu lile lililozalishwa, mtumiaji amepewa haki ya kubadilisha kitu asichoweza kukibadilisha, na mimi naona hiyo si haki kamwe.

Lakini hata .proto ikiwemo, kazi haijaisha, kwa sababu hakuna anayejua kama mamia yale kweli yametoka kwenye mistari ile mitano. Pengine yalizalishwa na toleo jipya la protoc kuliko lililomo Debian, na hapo ujenzi, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, hukwama kwa ujumbe wa kosa. Kwa hiyo mfungaji huorodhesha mafaili yaliyozalishwa kwenye faili la debian/clean ili yafutwe kabla ya kujenga, anaitaja protobuf-compiler kwenye debian/control miongoni mwa vitu vinavyohitajika, kisha anaagiza kila kitu kizalishwe upya. Yote hayo bila intaneti: sera ya Debian hairuhusu kifurushi kupakua chochote wakati wa kujengwa. Kizalishaji chenyewe kisipokuwemo Debian, itabidi nacho kifungwe kwanza, pamoja na kila kitu ambacho kizalishaji hicho kinakihitaji. Hapo ndipo wiki zinapokwenda.

Hatari ya mafaili yasiyojulikana yalikotoka ilionekana Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2024, pale Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba amegundua mlango wa siri katika xz, maktaba ya kubana data iliyomo karibu kila seva ya Linux. Kilichomshtua ni kwamba kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kulichelewa takriban nusu sekunde. Matoleo yaliyoathirika yalikuwa 5.6.0 na 5.6.1. Faili lililowasha shambulizi, build-to-host.m4, halikuwemo kwenye hazina ya git ya mradi, yaani pale msimbo unapotunzwa pamoja na historia ya mabadiliko yake. Lilikuwemo kwenye furushi la toleo ambalo wafungaji hupakua. Watu walikwisha kuzoea mafurushi hayo kuwa na mafaili ya kuzalishwa yasiyomo kwenye git, kwa hiyo la ziada halikumshangaza mtu. Debian ilikuwa ikizalisha upya hati ya configure, inayoandaa ujenzi, lakini ikianzia kwenye furushi lilelile, na haikuokoka kwa njia hiyo. Toleo thabiti la Debian lilipona kwa kuwa xz hiyo ilikuwa bado haijalifikia.

Kuzalisha upya kuna mtihani wake pia. Vizalishaji vingine huandika tarehe na saa ndani ya matokeo. Jenga kifurushi Nairobi, saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, na mwenzako akijenge Berlin: mafaili yatatofautiana ingawa chanzo ni kimoja. Kompyuta yako ikiwa imewekewa Kiswahili, hata jina la mwezi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Tangu 2013 watu wa Debian wamekuwa wakiziondoa tofauti hizi moja baada ya nyingine, hasa kwa kigezo kiitwacho SOURCE_DATE_EPOCH kinachovipa vizalishaji tarehe moja ya kutumia, ili yeyote aweze kujenga upya na kulinganisha baiti kwa baiti.

Ukitoa maktaba yako, basi, tia .proto ndani ya git na ndani ya furushi, taja toleo la protoc ulilotumia, kisha zima Wi-Fi na ujaribu kuijenga tangu mwanzo.