Umeme wa besi ya bei nafuu: dhana potofu na ukweli

Kuanzia Kondele, Kisumu, hadi Kakamega, na hata ukishuka Nakuru, ni vigumu kupata kanisa lenye bendi lisilo na gitaa la besi. Mengi ya magitaa hayo ni ya bei nafuu: umbo limeigwa kutoka besi za Precision au Jazz za kampuni ya Fender, nyuzi nne, rangi nyeusi au nyekundu, yametengenezwa Asia. Mbao na shingo zake huwa nzuri kuliko watu wanavyozisema. Malalamiko huja kwenye umeme: besi inavuma, inakatika katikati ya wimbo, ukizungusha volyumu inakwaruza. Hapo ushauri huanza kumiminika, na mwingi wake humpeleka kijana kutumia akiba yake mahali pasipo na tatizo. Hilo linanikera, kwa sababu muziki wa huku umesimama juu ya besi. Benga bila besi inayosikika vizuri haichezeki.

"Sauti ikiwa mbaya, nunua pikapu mpya"

Hii ndiyo dhana inayokula pesa nyingi zaidi. Pikapu haina maajabu: ni sumaku, na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya huo. Pikapu nyingi za bei nafuu hutumia sumaku ya kauri iliyobandikwa chini ya vijiti vya chuma. Za bei ya juu aghalabu hutumia vijiti vya alniko (aina ya chuma cha sumaku) ambavyo vyenyewe ndivyo sumaku. Sauti hutofautiana, ndiyo, lakini kauri si ugonjwa. Ziko pikapu za bei kubwa ambazo watengenezaji wamezichagulia kauri kwa makusudi.

Ipime kabla ya kuihukumu. Fungua kifuniko cha mbele kilichobeba vitufe vya volyumu na toni, weka mita kwenye omu, gusa nyaya mbili za pikapu zikiwa zimetolewa kwenye poti (kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha volyumu). Ya mtindo wa Jazz ikiwa nzima husoma karibu kiloomu 7 au 8. Ya Precision huwa karibu 10 hadi 12. Mita ikikaa kimya kana kwamba hujagusa kitu, waya umekatika ndani na hapo kweli unahitaji nyingine. Ikisoma vizuri, pesa yako ibaki mfukoni kwanza.

Chukua bisibisi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, utazame nafasi kati ya uzi na pikapu. Milimita 2 upande wa uzi mwembamba na karibu 3 upande wa uzi mnene ni mahali pazuri pa kuanzia. Nimeona besi ambazo pikapu imezama ndani ya mbao kiasi kwamba uzi unapita mbali juu yake, na mwenyewe ameshaambiwa na watu watatu kwamba pikapu "imekufa". Ukiinua, sauti inarudi. Usizidishe tu: ikikaribia mno, sumaku huvuta uzi, nao hutoa sauti isiyotulia hata kama umeutyuni sawasawa. Na kama nyuzi zenyewe zina miaka kadhaa na jasho la wapigaji wote wa kwaya, badilisha hizo kabla ya kitu kingine chochote.

Ukiamua baada ya hayo yote kununua pikapu, pima urefu wa ile uliyo nayo. Kwenye Jazz ya asili, pikapu ya upande wa shingo ni fupi kuliko ya upande wa daraja (pale nyuzi zinapofungwa) kwa milimita chache, lakini besi nyingi za kuiga zimewekwa mbili zenye urefu sawa. Ukiagiza bila kupima, itafika isiyoingia kwenye shimo.

"Inakatika kwa sababu ya kebo"

Wakati mwingine, ndiyo. Lakini mtu akishabadilisha kebo mara ya pili na bado inakatika, afungue jeki (tundu la kuchomekea kebo). Utaona ulimi wa chuma unaotakiwa kubana ncha ya plagi, na ukiuangalia kwa makini, umelegea. Au utaona tone la lehemu lililopauka, lenye mstari mwembamba wa ufa unaozunguka waya. Ukiusukuma waya kwa kidole unacheza ndani ya tone kama jino la mtoto. Jeki za bei nafuu hulegea kwa sababu nati haikukazwa: kila unapochomeka plagi jeki yote huzunguka, na waya nyuma yake hujipinda mpaka ukakatika. Jeki imara ya milimita 6.35, yenye chuma kinene, ndiyo kitu cha kwanza ninachopendekeza mtu yeyote anunue. Bei yake haikaribii hata kidogo bei ya pikapu, na ndiyo itakayokuokoa siku ya harusi.

"Poti ni poti tu"

Hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa nimeona besi nyingi zikiharibiwa hapa na watu wenye nia njema.

Volyumu inakwaruza, mwenye besi anampelekea fundi wa redio. Fundi anachomoa poti ya zamani, anatafuta kwenye kopo lake inayofanana kwa umbo, anaiweka. Mkwaruzo umeisha. Lakini sasa besi imekuwa ya mbali, imefunikwa, kama inapigiwa ndani ya blanketi, na lawama inarudi kwa pikapu.

Geuza poti usome nyuma yake. Ya redio au ya amplifaya mara nyingi imeandikwa B10K au B50K. Besi isiyo ya betri inahitaji kiloomu 250, yaani 250K. Tofauti hiyo si ndogo. Umeme wa pikapu una njia mbili: kwenda kwenye amplifaya, au kupita ndani ya poti na kuishia kwenye waya wa ardhi. Poti ya 250K huifanya njia ya pili kuwa ngumu, hivyo karibu umeme wote huenda kwenye amplifaya. Ya 10K inalingana karibu kabisa na ukinzani wa pikapu yenyewe, kwa hiyo takriban nusu ya umeme huvujia ardhini hata ukifungua volyumu yote, na sauti za juu ndizo hutangulia kupotea. Ukiweka 500K utapata mng'ao zaidi kidogo; wengine wanaupenda, wengine unawaumiza masikio. Lakini 10K haimfai mtu.

Herufi nayo ina maana. Kwenye poti nyingi za Asia, A ni ile inayopanda kwa mkunjo unaofuata jinsi sikio linavyosikia, na B hupanda kwa mstari ulionyooka. B ikiwekwa kwenye volyumu, utazungusha nusu nzima usione mabadiliko makubwa, kisha sauti ianguke ghafla karibu na mwisho.

Pia angalia matundu. Poti ndogo za kiwandani huhitaji tundu la karibu milimita 7, zile kubwa za mtindo wa Marekani karibu 9.5. Usichimbe kwa drili kwa nguvu, rangi itapasuka. Nunua poti ndogo yenye ubora, hakuna aibu, au upanue tundu polepole kwa mkono.

Na kama kosa ni mkwaruzo tu, huenda hata huhitaji poti mpya. Vumbi la barabara na unyevu wa ziwa huingia humo ndani. Dawa ya kusafishia kontakti za elektroniki, matone machache, zungusha mara nyingi, acha ikauke. Si mafuta ya kupikia na si ya cherehani.

"Ikivuma, kata waya wa ardhi kwenye plagi"

Tafadhali usifanye hivi. Usimruhusu mtu afanye hivi kwenye jukwaa lako.

Nyuzi za besi yako zimeunganishwa na daraja, daraja limeunganishwa na jeki, jeki kupitia kebo imeunganishwa na bodi (kasha la chuma) ya amplifaya. Kwa hiyo mikono yako imeshika bodi ya amplifaya muda wote unaopiga. Siku waya wa ndani utakapolegea na kugusa bodi hiyo, volti 240 zitatafuta njia. Pini ya tatu ya plagi, ile ndefu, ndiyo njia iliyowekwa ili fyuzi ikatike na mkondo usipitie kwako. Ukiikata, njia iliyobaki ni wewe, hasa ukigusa maikrofoni kwa mdomo. Hatari huzidi nje: matanga na mikutano ya injili inayoendeshwa kwa jenereta na ekstenshoni ya waya mbili, ardhi ikiwa imelowa. Ukisikia nyuzi zinakutekenya vidole, acha kupiga, zima, mwite fundi wa stima. Huo si mvumo wa kuzoeleka.

Sasa, mvumo wenyewe. Stima yetu ni ya Hz 50, na kila taa, chaja na transfoma iliyo karibu hurusha mvumo huo hewani. Fanya jaribio: acha kugusa nyuzi, sikiliza; kisha zishike. Mvumo ukipungua ukishika, nyuzi zimeunganishwa vizuri na ardhi, ila tumbo la gitaa (shimo lenye pikapu na nyaya) halina kinga. Usipobadilika hata kidogo, angalia kama waya unaotoka chini ya daraja umekatika.

Kinga ni kazi ya mchana mmoja. Unabandika utepe wa shaba ndani ya tumbo la gitaa na kuuunganisha na waya wa ardhi. Wengi hushindwa hapa kwa jambo dogo: gundi ya utepe wa kawaida haipitishi umeme, kwa hiyo vipande vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine bado vimetengana. Weka tone la lehemu kwenye kila kiungo, kisha pima kwa mita kutoka pembe moja hadi nyingine. Foili ya jikoni nayo hukinga, ila lehemu haishiki kwenye alumini. Ubane waya wake kwa skurubu. Hakikisha hakuna waya wa sauti unaogusa kinga, la sivyo besi itanyamaza kabisa.

Kuna mvumo ambao kinga haiondoi, ule wa sumaku unaotoka kwenye transfoma. Precision tangu 1957 ina pikapu iliyogawanywa vipande viwili vinavyofutiana mvumo. Jazz hufanya hivyo pale tu volyumu zote mbili zikiwa sawa, na pikapu zake ziwe zimezungushwa kinyume, kama zilivyo nyingi za sasa. Ukifungua moja tu, itavuma. Hivyo ndivyo ilivyo, haijaharibika.

"Ya betri ni bora kuliko isiyo na betri"

Precision ya kwanza ilitoka 1951 bila betri, na besi za aina hiyo bado zinarekodi. StingRay ya Music Man ilikuja 1976 na betri, nayo ina sauti yake. Ni njia mbili, si ngazi mbili.

Betri ya volti 9 huendesha kikuza sauti kidogo kinachokuruhusu kuongeza besi na trebo, na kinasaidia sana ukitumia kebo ndefu, maana kebo ya mita nyingi hula sauti za juu za pikapu ya kawaida. Lakini mzigo mpya unakuja nao: jeki ya kontakti tatu inayowasha betri ukichomeka kebo. Ukizoea kuiacha kebo imechomekwa, betri itaisha kabla ya wakati na siku moja ibada itaanza na besi inayokoroma. Kwa anayetaka faida hiyo bila kuchonga mbao, kipedali cha kukuza sauti kilichowekwa sakafuni kinatosha, na utahama nacho ukinunua besi nyingine.

Kama shida ni kwamba besi haina nguvu kwenye ukumbi, tazama spika kwanza. Uzi wa E (ule mnene kuliko zote) ulio wazi hutikisika kwa Hz 41. Spika ndogo ya gitaa la solo haiwezi kuutoa, hata uweke umeme gani ndani ya gitaa.

"Kapasita ghali hufungua sauti"

Kapasita ni kile kijipande kilicholehemiwa kwenye poti ya toni ili kupunguza sauti za juu. Namba ndiyo muhimu. Maikrofaradi 0.047 ndiyo ya kawaida kwenye besi, 0.1 hufunga sauti za juu zaidi, 0.022 hufunga kidogo. Mbili zenye thamani moja halisi, ya bei na ya rahisi, hutazitofautisha kwa sikio, na toni ikiwa imefunguliwa yote mchango wa kapasita ni mdogo mno.

"Fundi wa redio hajui gitaa"

Anajua kulehemu kuliko wengi wetu. Mafundi wa soko la Kibuye, Kisumu, wanaofufua redio za zamani wana mkono uliotulia. Wanachokosa ni taarifa. Usimwachie besi na kuondoka. Piga picha ya nyaya kabla hazijaguswa, mpe poti ya A250K mkononi mwake, mchoro wa nyaya uwe kwenye simu. Mwombe akwangue mgongo wa poti kabla ya kuweka lehemu, na atumie chuma chenye moto wa kutosha, wati 40 au zaidi. Chuma dhaifu humlazimu akishikilie muda mrefu, na poti huungua ndani. Kabla hamjafunga kifuniko, chomekeni kebo, sauti iwe chini, mguse kila pikapu taratibu kwa ncha ya bisibisi. Kila moja ikijibu kwa mlio mmoja mzito, na volyumu ikishuka hadi kimya bila kukwaruza, rudisheni skurubu.