Ngozi Inayopitisha Umeme

Zile mashine ndogo za maji ya kunywa, zisizo na kompresa, unazozikuta mapokezi kwenye ofisi hapa Arusha, hupoza maji kwa kibamba cheupe chenye upana wa takribani sentimita 4. Ndani yake kuna vipande vya bismuthi teluraidi, yaani muungano wa elementi mbili, bismuthi na teluriamu. Umeme ukipita, upande mmoja wa kibamba hupoa na wa pili hupata moto, jambo aliloliona Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834. Ndiyo maana feni ya nyuma ikijaa vumbi maji hayapoi: joto lililotolewa halina pa kwenda. Isafisheni.

Mwaka 2009 vipimo vilionyesha kwamba bismuthi teluraidi hiyohiyo, pamoja na ndugu yake bismuthi selenaidi (yenye seleniamu badala ya teluriamu), ni kihami cha kitopolojia. Ikiwa safi kabisa, ndani hugomea umeme lakini usoni, yaani kwenye ngozi yake, huupitisha.

Neno topolojia lisikutishe. Chukua kamba yenye fundo, ncha zote mbili zikiwa zimeshikwa. Ivute, ikunje, fundo litabaki palepale. Ndani ya kitu hiki mawimbi ya elektroni yamejifunga mfano wa fundo, na nje, hewani, hakuna fundo. Basi mpakani ni lazima lifunguke, na linapofunguka ndipo elektroni hupata njia. Ngozi hiyo haikupakwa na mtu. Ukikikata kipande katikati, pale palipokatwa nako huota ngozi.

Elektroni za ngozini zina nidhamu yake. Kila moja ina spini, mfano wa pia inayojizungusha, na mwelekeo wa spini umefungamana na upande inakoelekea. Ni kama magari ya barabara ya Sakina hadi Tengeru, iliyotenganishwa katikati: unaweza kuyumba ukikwepa shimo, ila huwezi kugeuza papo hapo urudi ulikotoka.

Joto linaingiaje hapa? Aliyewahi kusonga ugali kwa kijiko cha chuma anajua. Metali inayopitisha umeme hupitisha na joto, kwa sababu elektroni zilezile hubeba vyote viwili. Sisi kwenye kibamba tunataka umeme upite na joto libaki nyuma. Bismuthi teluraidi inakaribia hapo: shaba huizidi kwa kupitisha joto zaidi ya mara 200. Atomi zake ni nzito, zimepangwa tabaka tano tano, kila fungu likiwa na unene wa nanomita 1 hivi (sehemu ya milioni ya milimita), na mafungu hayo yameshikana kwa ulegevu. Mitetemo inayosafirisha joto huchoka njiani.

Ukitengeneza utando mwembamba, mitetemo hiyo hugonga kingo mapema zaidi na joto linalopita hupungua, huku ngozi ikipata sehemu kubwa zaidi ya umeme wote. Lakini wembamba una mwisho. Mwaka 2010 ilionekana kwamba utando wa bismuthi selenaidi ukishuka chini ya mafungu 6, ngozi ya juu na ya chini hugusana na njia ya elektroni hufungwa. Tena elektroni za ngozini nazo hubeba joto lake. Kwa hiyo mimi siamini kwamba ngozi peke yake itatupa friji bora. Kazi kubwa iko kwenye kupatanisha ngozi na tumbo, yaani sehemu ya ndani.

Na tumbo lina matatizo. Atomi ya seleniamu ikikosekana mahali pake, huacha elektroni za ziada, na ndani kunaanza kupitisha umeme hadi ngozi isionekane. Kwenye mashine ya maji dosari za aina hiyo huwekwa makusudi. Kwa mtafiti wa ngozi ndizo adui.

Kugumu zaidi ni kupima joto lenyewe. Utando wa nanomita 10 hukaa juu ya kitako, yaani kipande kinachoubeba, cha nusu milimita, kinene kuushinda mara 50,000. Ni sawa na kutafuta uzito wa nzige mmoja aliyetua juu ya gunia la mahindi la kilo 100, kwa kulipima gunia. Joto lote hukimbilia kitakoni. Wapimaji hulazimika kukiondoa kitako chini ya utando hadi ubaki unaning'inia kama daraja, kisha hupasha ncha moja na kusoma joto la ncha ya pili. Daraja likipasuka, wanaanza upya.