Aloi za Kusubu Zinazostahimili Joto: Maana Yake

Aloi ya kusubu inayostahimili joto ni mchanganyiko wa metali unaoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kisha ukaganda ukiwa na umbo lake, kwa ajili ya kazi ya miaka mingi katika joto linalozidi takriban nyuzi 650 za Selsiasi. Neno "kustahimili" huwapotosha wengi, maana hudhani kwamba kinachoogopwa ni kuyeyuka. Chuma tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1538, ilhali mabomba ya tanuri za viwandani hufanya kazi chini sana ya hapo. Kinachoyamaliza ni kuliwa na gesi zinazoyazunguka, pamoja na kunyumbuka kidogo kidogo kwa mzigo ambao yakiwa baridi yangeubeba bila taabu.

Tuchukue aloi iitwayo HK40, ambayo kwa muda mrefu ilitengenezewa mabomba ya tanuri za viwanda vya amonia. Ina takriban asilimia 25 ya kromi, asilimia 20 ya nikeli na asilimia 0.40 ya kaboni, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni chuma. Kromi hujenga utando wa oksidi unaoikinga metali, nayo nikeli hudumisha mpangilio wa fuwele ulio imara katika joto. La kushangaza ni kaboni. Katika chuma cha pua cha kawaida hupunguzwa hadi chini ya asilimia 0.08, lakini hapa huongezwa kwa makusudi, kwa sababu hufanya chembe ngumu za kabidi, yaani kaboni iliyoungana na metali, zinazokaa mipakani mwa punje za metali kama vigingi, zikizizuia zisiteleze. Metali yenye kabidi nyingi namna hiyo haifuliki kwa urahisi, na ndiyo sababu husubiwa. Mabomba hasa husubiwa katika kalibu inayozungushwa kwa kasi.

Kuziboresha aloi hizi ni kazi ya kupima faida na hasara. Aina ya HP ilipandisha nikeli hadi asilimia 35, na baadaye metali iitwayo niobiamu ikaongezwa ili kabidi zidumu zaidi. Nchini Marekani, maabara ya Oak Ridge na kampuni ya Caterpillar ziliongeza manganizi na nitrojeni katika chuma cha pua cha kusubu kiitwacho CF8C, zikapata aina mpya, CF8C-Plus. Kromi nayo ikizidishwa pasipo nikeli ya kutosha, huzaa umbile gumu lakini jepesi kuvunjika, liitwalo sigma, na bomba lililovumilia moto huweza kupasuka tanuri inapozimwa likapoa.